Namna ya kupandisha damu bila kuacha chai

Nimezaliwa Tukuyu, chai ikiwa nyuma ya nyumba, na kwetu hakuna mlo usioshushiwa chai. Mimba yangu ya pili ilipofika miezi mitano, kliniki walinipima HB, yaani kiwango cha himoglobini kwenye damu, wakakuta 8.9. Mjamzito haitakiwi ishuke chini ya 11. Wakanipa vidonge vya FEFO, vya madini ya chuma na asidi ya foliki, nikawa navimeza asubuhi na kikombe cha chai. Mwezi mzima, kipimo kikasogea hadi 9.1 tu. Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyeniuliza: "Mama, unavimeza na nini?"

Kidonge meza kwa maji au juisi ya chungwa. Chai isubiri saa moja hadi mbili baada ya kidonge au chakula. Tanini ya chai hushikamana na madini ya chuma tumboni, yakaishia chooni. Maziwa nayo huzuia, kwa hiyo usidhani chai ya maziwa ina nafuu. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni kidonge.

Chuma kina kazi gani? Damu ikiachwa itulie kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia kuganda, juu hubaki utegili, maji ya manjano, zaidi kidogo ya nusu. Chini hukaa chembe nyekundu, na katikati utando mwembamba wa chembe nyeupe na chembe sahani. Ukiwa na mimba utegili huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, damu ikawa nyepesi. Chembe hizo hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa, zimejaa himoglobini inayobeba oksijeni, na bila chuma himoglobini haiundwi. Kila moja huishi siku kama 120, kwa hiyo usitarajie mabadiliko ya wiki moja. Na huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, mwili unahitaji chembe nyingi zaidi: 11 ya Tukuyu si sawa na 11 ya Dar es Salaam.

Jikoni, maharage loweka usiku kucha, maji yake mwaga. Mchicha au majani ya maboga kamulia limau ukishaepua, maana vitamini C haivumilii moto. Tia usipa wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, au nyama hata kidogo. Chuma chake huingia mwilini kwa urahisi na huvuta kile cha maharage. Maini yana vitamini A nyingi mno, mjamzito asiyashindilie. Soda nyekundu na nyanya ya kopo nilikunywa pia. Rangi haigeuki damu.

Nilikuwa nalima peku. Minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo, ikanyonya damu utumboni. Vaa viatu shambani, na ukishavuka miezi mitatu ya kwanza uliza dawa ya minyoo kliniki.

Ukihema ukiwa umekaa, moyo ukidunda mbio, au HB ikiwa chini ya 7, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wiki ya nane baada ya swali lile nilisoma 11.3. Chai yangu nainywa saa kumi jioni, peke yake.