Kuwafungia bakteria hai ndani ya punje za alginati

Bakteria wa maziwa mgando, Lactobacillus, hawadumu wakihifadhiwa kwenye joto la Dar, na wakimezwa wakiwa wazi asidi ya tumboni huua wengi. Punje ya alginati huwapunguzia makali hayo. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Ule unaolimwa Zanzibar ni mwekundu, hutoa karajinani (kigandishi cha aina nyingine), kwa hiyo usiuchanganye na huu.

Hatua ya 1: Maji. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Maji ya visima vingi hapa mjini yana chumvi na kalsiamu, na kalsiamu ndiyo inayogandisha alginati. Ukiyatumia, unga utafanya mabonge hata hujaanza. Tafuta maji yaliyokenekwa.

Hatua ya 2: Pima gramu 2 za sodiamu alginati kwa mililita 100 za maji. Nyunyiza kidogo kidogo ukikoroga, kama uji usiotaka mabuje. Takasa kwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 (mnato wake utapungua kidogo, usishtuke), kisha iache ipoe na mapovu yatoke.

Hatua ya 3: Ikishapoa kabisa, changanya na bakteria. Alginati ya moto itawaua.

Hatua ya 4: Vuta kwenye bomba la sindano, dondosha tone tone ndani ya myeyusho wa kalsiamu kloridi wa 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) unaozungushwa polepole. Tone likigusa, ngozi yake huganda papo hapo. Punje zikiwa na mkia, inua sindano juu zaidi. Ziache dakika 30 zikomae hadi ndani.

Sindano hutoa punje za milimita 2 hivi. Ukitaka ndogo zaidi, koroga alginati kwa kasi ndani ya mafuta ya alizeti kwanza, ndipo umimine kalsiamu.

Hatua ya 5: Suuza kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Bafa ya fosfeti (myeyusho wa kutuliza asidi) iache kabisa: fosfeti huinyang'anya punje kalsiamu yake, nayo hulegea na kumwaga bakteria wote uliowahifadhi.

Hatua ya 6: Hesabu walio hai. Punje inaweza kupendeza macho huku ndani wamekufa. Yeyusha gramu 1 kwenye sodiamu sitrati, panda kwenye agari ya MRS (chakula kilichogandishwa cha kukuzia Lactobacillus), linganisha na idadi uliyoanza nayo.

Hifadhi kwenye friji, nyuzi 4, na uwe na boksi la barafu tayari umeme ukikatika. Rudia hesabu baada ya wiki moja, halafu baada ya mwezi.