Namna ya kulipima wazo la treni ya mjini kwa miguu na daftari

Pale kwenye kijiwe cha kahawa Majengo haipiti wiki bila kijana kuniuliza: "Mzee, wewe uliyesoma Kiev, hivi Moshi hatuwezi kuwa na zile tramu, treni za barabarani?" Siku hizi sijibu. Nampa kazi, akimaliza ajijibu mwenyewe.

Jumamosi chukua daftari, maji na futi ya fundi. Vaa viatu vya kufunga, kwa sababu kokoto za reli hazijui kandambili. Nenda stesheni, waeleze waliopo unachotaka kufanya, kisha fuata njia kuelekea Kahe. Tembea pembeni, usipite juu ya mataruma.

Pima kwanza nafasi kati ya chuma na chuma. Utapata mita 1. Wajerumani walianza kuitandika reli hii Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi 1911. Waingereza wakaifikisha Arusha 1929. Atatokea mjuaji akuambie ni nyembamba mno kwa treni ya kisasa. Mwambie kule Ulaya tramu za Zagreb, Belgrade na Łódź zinapita kwenye mita 1 hiyohiyo. Hata Dar, Oktoba 2012, ilianzisha treni ya abiria wa mjini kwenye reli ya zamani, watu wakaibatiza treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo.

Sasa simama katikati ya njia, hakikisha hakuna kinachokuja, uhesabu mita 15 kila upande. Hiyo ndiyo hifadhi ya reli kwa mjini. Andika kila unachokikuta ndani yake: banda la mama ntilie, bustani ya mchicha, fundi pikipiki, ukuta wenye X nyekundu. Usiruke kitu, maana hapa ndipo tramu hufa au hupona. Kiev nilikaa upande wa Borshchahivka kuanzia 1983. Kule kuna tramu ya kasi iliyofunguliwa 1978, ya kwanza katika Muungano wa Kisovieti wote, na ina njia yake peke yake, gari haliingii. Theluji ikianguka, wenzangu wa basi walifika darasani nusu ya kipindi. Mimi nilikuwa nimeshakaa, daftari wazi.

Mwaka 1991 muungano ule ulipovunjika, fedha za serikali zilikatika. Barabara zikajaa magari ya watu na vibasi vinavyoitwa marshrutka. Ukitaka kuijua marshrutka, panda kifodi chochote hapa, yaani daladala zetu za Moshi. Ni mtu na kaka yake. Miji ya uliokuwa muungano huo ikaacha tramu: Yerevan 2004, Tbilisi 2006, Almaty 2015. Lakini Olsztyn ya Poland, iliyokuwa imeachana nazo tangu 1965, ilizirudisha mwaka 2015.

Jumatatu, saa 12 asubuhi, simama barabara ya Kiborloni uhesabu vifodi vinavyoingia mjini vimejaa, kwa saa moja. Tramu ya aina ya T3 niliyokuwa napanda Kiev ina urefu wa mita 14 na inabeba watu kama 100 wakibanana. Kifodi kilichoshindiliwa nakipa watu 18. Ukipata vifodi 20, hao ni abiria 360, tramu nne tu, yaani moja kila dakika 15. Nani wa Kiborloni atasubiri dakika 15 wakati konda anamwita kwa jina? Ukipata 60, hapo ni tramu kumi na moja, na mazungumzo yanaanza.

Andika pia nauli. Sisi kule Kiev tulilipa kopeki 3, senti za huko, unaitoboa tiketi mwenyewe kwenye kidude cha ukutani. Gari likijaa, tiketi inapita mikono kumi ikatobolewe na inarudi. Siku moja niliiacha mfukoni nzima, mkaguzi akanishusha mbele ya darasa zima. Kopeki 3 hazikutosha kuendesha chochote, pengo lilijazwa na serikali. Kwenye daftari lako acha mstari wa mtu atakayejaza pengo la Moshi.

Mwisho kabisa, na huu ukurasa vijana hawaupendi: karakana. Nani atabadilisha magurudumu, na kipuri kitatoka wapi? Addis Ababa ilifungua reli yake ya mjini 2015, kilomita 34, treni 41. Baada ya miaka michache nyingi zilikuwa zimeegeshwa zinangoja vipuri. T3 nayo ilitengenezwa Prague, zaidi ya 13,000, mtindo mmoja kwa miji mingi, kwa hiyo kilichovunjika Kiev kilikuwa na pacha wake mji mwingine. Ndiyo maana baadhi yake bado zinatembea, zimebadilishwa umeme tu. Huhitaji kwenda Prague kulielewa hilo. Uliza kwa nini kila kifodi ni Hiace, halafu uliza bei ya brekipedi zake dukani.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea daftari safi, michoro mizuri, hifadhi yote kaiandika mpaka mabomba ya maji. Upande wa Kiborloni: vifodi 23. Nikamuuliza alihesabu siku gani. Akasema alimaliza vyote Jumamosi, amalizane navyo. Nikamnunulia kahawa, nikamrudishia daftari.