Namna ya kusoma hesabu ya neutrofili kwa kufuata vipokezi vya kemokini

Mwongozo huu ni wa mtaalamu wa maabara na tabibu wa Tanzania, hasa wa Bagamoyo na Korogwe, ambako majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika na ambako majibu ya damu huamua nani apokewe katika utafiti na nani arudishwe nyumbani. Majibu ya picha kamili ya damu yanatoka, neutrofili (seli nyeupe zinazopambana na bakteria) ziko chini ya 1.5 (elfu kwa kila mikrolita), lakini mwenyewe hana homa, hana jipu, wala hana kidonda kinywani. Kabla hujamwandika kuwa mgonjwa, fuata njia ya seli zenyewe.

Kwanza kokotoa kwa mkono wako. Zidisha jumla ya seli nyeupe kwa asilimia ya neutrofili: seli 3.2 (elfu kwa kila mikrolita) zenye neutrofili asilimia 40 zinatoa 1.28. Pindua taratibu chupa ya kizibo cha zambarau uone kama damu ina mabonge, kwa sababu mashine haihesabu vizuri damu iliyoganda, kisha tazama kioo kwenye hadubini. Muulize pia amefikaje. Aliyekanyaga baiskeli kwa kasi kutoka Mlingotini anaweza kuonyesha hesabu ya juu kuliko yake ya kawaida, maana mazoezi huzibandua neutrofili zilizokuwa zimegandamana na kuta za mishipa.

Baada ya hapo jiulize seli ambazo hazionekani katika damu ziko wapi. Kemokini ni protini ndogo zinazotolewa na tishu, na seli ya kinga huelekea ziliko nyingi, mradi utando wake uwe na kipokezi kinachozitambua. Majina yake yanatisha bure: katika CXCR4 herufi R ni ya kipokezi, na katika CXCL12 herufi L ni ya kemokini inayonaswa nacho.

Neutrofili hukua katika uboho, na kipokezi cha CXCR4 ndicho kinachoizuia humo, kwa kuwa seli zinazoizunguka inapokua hutoa CXCL12 wakati wote. Inapokomaa, CXCR4 hupungua na CXCR2 huongezeka, nacho huitikia CXCL1 na CXCL2 zinazotoka kwenye kuta za mishipa ya damu, ndipo seli inapotoka. Ikizeeka, CXCR4 hupanda tena na baadhi ya neutrofili hurejea ubohoni. Hesabu unayoisoma, basi, ni ya wapita njia tu.

Upo ugonjwa wa kurithi uitwao WHIM, ambao chanzo chake katika jeni ya CXCR4 kilitambuliwa mwaka 2003: kipokezi hakizimiki ipasavyo, uboho hujaa neutrofili zilizokomaa, na damu huzikosa. Wenye ugonjwa huo huugua mara kwa mara, nao ni nadra mno; usianzie huko.

Anzia kwenye ACKR1, ambayo benki za damu zimeijua kwa jina la Duffy tangu 1950. Kipokezi hiki hunasa kemokini bila kupeleka ishara ya kawaida ndani ya seli, na kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax hukitumia kuingia katika chembe nyekundu. Badiliko la herufi moja kwenye sehemu inayowasha jeni hukiondoa katika chembe nyekundu, ilhali kuta za vishipa vidogo hubaki nacho. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara wamerithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama. Mwaka 2009 lilihusishwa na uchache wa neutrofili, na utafiti wa panya wa 2017 ulionyesha kwamba ACKR1 ikikosekana kwenye chembe changa nyekundu za uboho, neutrofili hukua kwa namna tofauti na huhama kutoka damuni kwa wepesi zaidi. Kinga ya watu hawa haina upungufu. Kumnyima mtu dawa au nafasi katika utafiti kwa kipimo kilichotokana na damu za Wazungu ni kumwonea.

Hata hivyo, badiliko la Duffy lisiwe kisingizio cha kutouliza. Uliza dawa anazotumia, hasa kotrimoksazoli na za tezi ya shingo, pima VVU kwa ridhaa yake, tafuta majibu yake ya zamani, na urudie kipimo baada ya wiki chache. Hesabu inayobaki palepale miaka nenda miaka rudi kwa mtu asiyeugua ni yake. Andika hivyo katika faili ili tabibu ajaye asianze upya. Hesabu iliyoshuka ghafla chini ya 0.5 pamoja na homa ni dharura, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe na badiliko la Duffy au asiwe nalo.