Somo: Kutambua santuri orijino ya soul, feki na toleo la marudio

Anayetafuta santuri adimu ya soul, muziki wa Wamarekani weusi, huangalia lebo kwanza, na hapo ndipo wauzaji wa feki wanapomngojea. Lebo ni karatasi, na karatasi huigwa kirahisi. Plastiki yenyewe ndiyo ngumu kuigwa, kwa sababu inabeba alama za kiwanda kilichoichapa. Somo hili linahusu zaidi santuri ndogo za inchi 7 zilizochapwa Marekani miaka ya 1960, maana ndizo zinazoigwa sana.

Tuelewane maneno kwanza. Orijino ni nakala iliyochapwa na kampuni yenye haki wakati wimbo ulipotoka. Marudio ni toleo halali la baadaye. Feki imechapwa bila ruhusa ya mtu. Kuna feki zenye lebo ya kubuni, ambazo hazimsumbui mtu sana, na kuna zinazoiga lebo ya asili mpaka rangi yake. Hizi za pili ndizo za kuogopa.

Feki nyingi zilizaliwa Uingereza ilipovuma Northern Soul, yaani mtindo wa vijana wa kaskazini mwa nchi hiyo wa kukesha wakicheza soul ya Marekani. Kumbi kama Wigan Casino, iliyokesha na muziki kuanzia 1973 hadi 1981, zilipiga nyimbo za Marekani ambazo kwao hazikuuzika na nakala zake zilikuwa za kuhesabika. Ma-DJ walifunika lebo kwa karatasi na kumpa mwimbaji jina la uongo ili wapinzani wasiutambue wimbo. Umati ukautaka, dukani haupo, na wachapaji wa magendo wakaliona pengo. Mfano maarufu ni wimbo wa Frank Wilson, Do I Love You (Indeed I Do), wa Soul, lebo (hapa maana yake chapa ya kampuni) iliyokuwa chini ya kampuni ya Motown ya Detroit, namba 35019, mwaka 1965. Ulipigwa kwa jina la Eddie Foster, na feki zikatoka na jina hilohilo. Toleo halali la Uingereza lilikuja 1979 kupitia Tamla Motown, chapa ya Motown huko. Nakala moja ya orijino iliuzwa pauni 25,742 mwaka 2009. Kwa bei ya namna hiyo, mwizi hakosi sababu ya kujaribu.

Hatua ya 1: Soma ukanda mtupu

Hapa tukae, maana ndiyo roho ya somo. Kati ya mwisho wa mfereji wa sauti na ukingo wa lebo kuna ukanda laini usio na muziki. Shika santuri chini ya taa moja, iinamishe polepole mpaka mwanga uuchome ukanda huo kutoka pembeni, kisha izungushe. Utaona namba na herufi. Jiulize: hizi zimegongwa kwa muhuri, au zimekwaruzwa kwa mkono?

Kiwanda cha Monarch cha Los Angeles kiliweka pembetatu ndogo ikifuatiwa na namba, pamoja na muhuri wa kiduara wenye herufi MR ndani yake. Wengi wakiona pembetatu wanaruka kwa furaha. Tulia. Pembetatu iliandikwa kwa mkono hata kwenye orijino, kwa hiyo mwizi naye anaiandika. Shahidi ni ule muhuri wa MR, ambao mwigaji kwa kawaida hana. Namba ya pembetatu nayo ilipanda kadiri miaka ilivyokwenda, basi ilinganishe na ya santuri nyingine za Monarch unazojua mwaka wake.

Santuri nyingi za Detroit zilichapwa Owosso, Michigan, katika kiwanda cha American Record Pressing, na utakuta muhuri wa ARP. Kiwanda hicho kiliungua 1972. Kazi zilizokatwa, yaani sauti kuchongwa kwenye diski mama ya kuchapia, studio ya Bell Sound, New York, mara nyingi zina muhuri wa jina hilo, na nyingi za kusini mwa Marekani zina muhuri wenye maneno Nashville Matrix. Feki hunakili namba kuu, ile inayotambulisha upande wa santuri, tena kwa mwandiko wa mtu mwenye haraka, lakini mihuri inakosekana.

Usihukumu kwa kukosa muhuri peke yake. Lebo ndogo zilichapisha popote walipoweza kulipa, na orijino zake nyingine zina namba za mkono tu. Hapo dawa ni kulinganisha na picha ya ukanda wa nakala iliyothibitishwa: mwandiko uleule, nafasi ileile, upana uleule wa ukanda.

Hatua ya 2: Jua plastiki yake

Santuri za vinili hukandamizwa pamoja na lebo, hivyo karatasi inakuwa imezama ndani ya plastiki. Za stairini, plastiki ngumu inayovunjika kirahisi, humiminwa kwenye kalibu, na lebo hubandikwa baadaye, hivyo imekaa juu. Gonga ukingo kwa ukucha, taratibu: stairini hulia kwa sauti kali na kavu, vinili hulia butu. Usijaribu kuikunja, stairini hupasuka.

Kama nakala zote zinazojulikana za wimbo fulani ni stairini na wewe umeletewa vinili, rudisha. Ila hakikisha kwanza, kwa sababu kampuni moja iliweza kuchapisha pwani ya magharibi kwa stairini na mashariki kwa vinili, na zote zikawa orijino.

Hatua ya 3: Sasa lebo

Tumia lenzi. Lebo iliyopigwa picha kutoka lebo nyingine ina herufi zenye kingo za ukungu, na matundu ya a na e yamejaa wino. Angalia anwani pia: msimbo wa posta wa tarakimu tano ulianza Marekani 1963, hivyo hauwezi kuwa kwenye lebo ya 1961.

Hatua ya 4: Sikiliza

Ukisikia mikwaruzo wakati uso wa santuri unang'aa hauna alama, basi sauti ilitolewa kwenye santuri nyingine. Hiyo inakuambia kwamba si chapa ya kwanza, lakini haithibitishi wizi. Matoleo halali kadhaa nayo yalinakiliwa hivyo baada ya tepu ya asili ya kurekodia kupotea.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina santuri ya lebo ya Kent. Nimeambiwa Kent ni lebo ya marudio. Nimepigwa?*

Marahaba. Kuna Kent mbili. Ya Marekani ilikuwa ya ndugu wa Bihari wa Los Angeles na ilitoa orijino nyingi miaka ya 60. Ya Uingereza ilianzishwa na Ace Records 1982, na matoleo yake ya marudio ni halali kabisa. Soma anwani na nchi kwenye lebo kabla hujahuzunika.

*Kaka, muuzaji amenitumia picha ya lebo tu, anasema ukanda mtupu hautoki vizuri kwenye kamera.*

Unatoka. Mwambie azime taa ya juu, aweke tochi ya simu pembeni, sambamba na santuri, apige kwa simu nyingine. Asipotaka, aandike namba zote anazoziona pande zote mbili na aseme zipi ni za muhuri. Akikataa na hilo, iache hata kama wimbo unakuuma.

*Nakala nyeupe za matangazo, zile za kupelekwa redioni, ni salama zaidi?*

Hapana. Lebo nyeupe yenye maandishi meusi ndiyo rahisi kuliko zote kuiga, na waigaji wanalijua hilo. Anza na ukanda kama kawaida.

*Je, ni vibaya kununua feki ya miaka ya 70 kwa bei ndogo ili niusikilize tu wimbo?*

Kwa maoni yangu, nunua toleo halali la marudio. Nyingi za siku hizi zimetoka kwenye tepu, zinasikika vizuri kuliko feki, na mwenye wimbo ana nafasi ya kupata chake. Waimbaji hawa walilipwa kidogo mno mara ya kwanza, na feki huwanyima hata mara ya pili.

*Mwalimu, yangu ni stairini orijino, imehakikiwa. Niitunzeje?*

Sindano nzima isiyochakaa, uzito ule aliopendekeza mtengenezaji, na usiirudishe nyuma chini ya sindano kama wafanyavyo ma-DJ. Hapo mwanzo wa wimbo huungua na kuanza kukoroma. Tundu la katikati likikataa adapta, usilazimishe, ufa huanzia hapo. Kwa kusafisha, maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke yanatosha, na kitambaa laini. Vimumunyisho vikali viweke mbali nayo.