Weka kidole kwenye mstari: mazoezi ya ufahamu na uandishi wa Kiingereza kwa wanafunzi wa sekondari

Siku za shule, baada ya alasiri, kibaraza cha nyumbani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, hujaa wanafunzi wa sekondari. Wengi ni wa kidato cha pili na cha tatu. Wanaegesha baiskeli ukutani, wanatoa shikamoo, wanafungua madaftari. Na karibu kila anayekuja mara ya kwanza huniambia neno lilelile: "Mwalimu, habari nimeisoma yote, sikuielewa, ila maswali nimejibu."

Sentensi hiyo hunisumbua sana. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa kwa Kiswahili miaka saba, kisha anaingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia, historia na jiografia, zote kwa Kiingereza. Akizoea kujibu bila kuelewa, atafanya hivyo kwenye kila somo, na atafeli hata mambo anayoyajua vizuri kwa sababu swali lilimpita. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza hapa nayafanya kwa uzito wote. Mwanafunzi anaweza kuyafuata peke yake. Mzazi, dada au kaka anaweza kumsimamia hata kama Kiingereza chake si kizuri.

Unachohitaji ni kauntabuku moja, penseli, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na saa. Kauntabuku igawe katikati: mbele ni ufahamu, nyuma ni uandishi wako.

Habari ya kusoma iwe fupi, maneno kama 80 hivi kwa wiki za mwanzo, na iwe juu ya jambo ambalo tayari unalijua kwa Kiswahili. Wengi hukosea hapo. Wanachukua habari ya theluji au ya treni za chini ya ardhi, wanapambana na lugha na jambo lenyewe kwa pamoja. Mtoto wa Tanga asome kuhusu machungwa ya Muheza, mapango ya Amboni, reli, samaki, mkonge. Magazeti ya Kiingereza ya hapa nchini yana habari za namna hiyo, na maktaba ya mkoa ipo. Mgeni awe Kiingereza tu.

Hii hapa ni habari niliyoitunga kwa ajili ya wanafunzi wangu. Tutaitumia mpaka mwisho, kwa hiyo inakili kwenye daftari kwa mkono wako.

"In 1893, one thousand young sisal plants left Florida for the coast of East Africa. Only sixty-two of them were alive at the end of the journey. Those few were planted, and from them grew the estates that made Tanga known across the world. Farmers sold the fibre to make rope and twine. Many years later, rope made from plastic became cheaper, and the price of sisal fell. Some estates were left to the bush."

Hatua ya 1: Soma yote bila penseli wala kamusi

Soma mara moja toka mwanzo hadi mwisho, hata kama kuna maneno usiyoyajua. Kisha funika daftari, useme kwa Kiswahili, kwa sauti, sentensi moja: habari hii inahusu nini? Mwanafunzi akiniambia "Inahusu mkonge ulivyokuja Tanga, ukatajirisha watu, halafu bei ikaanguka," najua tuna pa kuanzia. Akisema "Inahusu Florida," tunarudia kusoma.

Wapo wanaoona aibu kutumia Kiswahili wakati wa kujifunza Kiingereza. Mimi naruhusu, kwa sharti moja: kitumike kueleza maana ya sentensi nzima, kisitumike kubandika neno la Kiswahili juu ya kila neno la Kiingereza. Yale madaftari yenye tafsiri ndogondogo za penseli juu ya kila mstari ndiyo yanayowapotosha, na hatua inayofuata inaonyesha ni kwa namna gani.

Hatua ya 2: Tafuta nani kafanya nini

Sasa shika penseli. Katika kila sentensi pigia mstari kitenzi, halafu uzungushie duara aliyetenda au kilichotendwa.

Angalia neno "left". Limetokea mara mbili. Mwaka huu msichana mmoja wa kidato cha pili, mwenye bidii kweli, alikuwa ameandika "kushoto" juu ya yote mawili, kwa sababu ndiyo maana ya kwanza aliyoijua. Nikamwuliza, kitenzi cha sentensi ya kwanza kiko wapi? Akatafuta, hakukiona. Nikamwambia, sentensi lazima iwe na kitenzi, hebu tazama tena. Akanyamaza, akapitisha kidole polepole kwenye mstari, kisha akasema: "Ni left! Miche iliondoka Florida."

Vizuri. Tukashuka sentensi ya mwisho: "Some estates were left to the bush." Akajibu haraka, "Mashamba yaliondoka kwenda porini." Nikamwuliza kama amewahi kuona shamba likiondoka. Hapo tukatazama "were" iliyotangulia. Katika sentensi ya kwanza miche yenyewe ndiyo iliyoondoka. Katika sentensi ya mwisho mashamba hayakufanya kitu, yalifanyiwa. Yaliachwa. Yaliachiwa pori. Kiswahili tunalijua jambo hili tangu utotoni: acha, achwa. Kiingereza hakiongezi "w" ndani ya kitenzi, kinatanguliza "was" au "were". Mwanafunzi akishaona hilo, sentensi nyingi za vitabu vya sayansi humfungukia, maana zimejaa mtindo huohuo.

Kuna mtego mwingine kwenye sentensi ya tatu: "from them grew the estates." Aliyetenda amekaa nyuma ya kitenzi. Kilichoota ni mashamba. Ukizungushia duara "them" umekosea.

Hatua ya 3: Maneno mageni, matatu tu

Chagua maneno matatu tu ya kutafuta kwenye kamusi. Mengine yakisie kwa majirani zake. "Twine" imekaa pembeni ya "rope", zimeunganishwa na "and", na zote zinatengenezwa kwa nyuzi za mkonge. Hata bila kamusi unajua ni kitu cha jamii ya kamba. Inatosha, endelea.

Hatua ya 4: Jibu ukiwa umeweka kidole

Hii ndiyo sheria ya kibaraza chetu, na siilegezi: hakuna anayesema jibu kabla ya kuweka kidole kwenye mstari lilipo. Akikosea, namwuliza tu, "Kidole chako kiko wapi?" Mara nyingi hujisahihisha mwenyewe. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusimamia hatua hii bila taabu.

Jaribu haya manne.

"How many plants were alive at the end of the journey?" Jibu limeandikwa wazi.

"What does 'those few' refer to?" Hapa unarudi nyuma sentensi moja. Viwakilishi kama "they", "it", "those" na "them" vichoree mshale kwenda kwa vinachokitaja. Watunga mitihani hupenda sana swali hili.

"Why did the price of sisal fall?" Kidole kwenye "cheaper". Angalia kwamba neno "because" halimo kwenye habari. Sababu imetangulia, matokeo yakafuata baada ya "and".

"Were the estate owners pleased when plastic rope appeared? Give a reason." Jibu halikuandikwa popote, ila ushahidi upo: bei ilianguka, mashamba yakaachwa. Vidole viwili, mistari miwili. Swali la namna hii usilijibu kwa maoni yako kuhusu plastiki.

Namna ya kuandika jibu: chukua maneno ya swali, uanzie hapo. Lakini kuwa mwangalifu na "did". Swali linasema "did the price fall", jibu linakuwa "The price of sisal fell because rope made from plastic became cheaper." Kwenye swali, "did" ndiyo iliyobeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kikabaki "fall". Kwenye jibu "did" imeondoka, na mzigo wa wakati umerudi kwa kitenzi chenyewe: "fell". Ukiandika "did fell" umeubebesha mzigo mmoja kwa watu wawili. Na ukikanusha, "did" inarudi tena: "did not fall". Fanyeni mazoezi ya hili kwa mdomo, sentensi kumi kila siku kwa wiki nzima. Sijaona kosa linalojirudia kuliko hili.

Hatua ya 5: Funga kitabu, andika

Hapa ndipo kusoma kunapogeuka kuandika. Siku ya tatu, soma habari ileile mara mbili, funika, kisha iandike upya kwa kumbukumbu. Usihangaike kukumbuka neno kwa neno. Ukimaliza, funua na ulinganishe sentensi kwa sentensi.

Tofauti utakazoziona ndizo somo lako la siku hiyo. Kama uliandika "Only sixty-two was alive", jiulize kwa nini mwandishi kaweka "were". Kama uliacha "the" kwenye "the price of sisal", irudishe. Kiswahili hakina kineno cha aina hiyo, kwa hiyo sikio letu halikisikii kinapokosekana. Kinazoeleka kwa kuandika na kulinganisha, tena na tena.

Ufupisho nao unatoka hapohapo. Andika habari yote kwa maneno yasiyozidi 30, kwa sentensi zako. Tarehe na hesabu zinaweza kuondoka. Chanzo, ukuaji na anguko vibaki.

Hatua ya 6: Aya ya kwako

Mwisho wa wiki andika sentensi tano hadi nane juu ya jambo lililokutokea. Hii hapa ni ya mvulana mmoja wa kidato cha tatu, na amekubali niionyeshe:

"Yesterday my brother he wake up at eleven in the morning. She wanted to buy fish at Deep Sea but the car left him. He didn't went with bicycle, he walked with legs."

Deep Sea ni soko la samaki hapa Tanga. Mtu wa Tanga ataielewa yote, kwa sababu ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza. Tuifungue.

"Brother he": kaka ameshatajwa, "he" ya nini tena? Kwetu "kaka aliamka" ina "a-" ndani ya kitenzi, na mwanafunzi huitafutia nafasi. Kiingereza hutaja mara moja.

"Eleven in the morning": kaka aliamka saa kumi na moja alfajiri. Kiswahili kinaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Kiingereza kinaanza usiku wa manane. Tazama uso wa saa ya mshale: saa kumi na moja, mshale mfupi uko kwenye 5. Waingereza wanaisoma namba ileile unayoiona, sisi tunasoma inayotazamana nayo. Kwa hiyo ni "five in the morning". Kosa hili linaumiza, kwa kuwa sentensi yenyewe haina dosari ya sarufi, ila inasema uongo.

"She": yeye yetu ni moja kwa mwanamume na mwanamke. Kila ukiandika "he" au "she", simama, umwone mtu mwenyewe kichwani.

"The car left him": sisi gari hutuacha. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayelikosa: "he missed the bus". Na anayetembea anatosha kusema "walked", miguu imo ndani.

Baada ya kuisahihisha mwenyewe ikawa: "Yesterday my brother woke up at five in the morning. He wanted to buy fish at Deep Sea, but he missed the bus. He did not go by bicycle. He walked."

Hatua ya 7: Sahihisha kosa la aina moja kwa wakati

Nilipokuwa mwanafunzi, insha zangu zilirudi zimejaa wino mwekundu mpaka sikujua nianzie wapi, nikawa nazikunja na kuzificha. Kwa hiyo wanafunzi wangu siwasahihishi hivyo. Wiki hii tunawinda vitenzi vya wakati uliopita tu. Wiki ijayo "he" na "she". Inayofuata, "the". Makosa mengine nayaona, nayaacha yasubiri zamu yake. Kabla ya kuniletea, kila mmoja anasoma aya yake kwa sauti, polepole, akiweka kidole kwenye kila neno, maana jicho huruka neno lililokosekana na ulimi hukwama.

Kwa wiki, dakika 40 kwa siku zinatosha. Siku mbili za mwanzo ni hatua ya 1 hadi ya 4 kwa habari moja, siku ya tatu ni kuandika kwa kumbukumbu, ya nne ufupisho, ya tano aya yako na masahihisho. Usiongeze habari ya pili mpaka ya kwanza iishe.

Baada ya wiki nne, rudi kwenye habari ya mkonge uliyonakili siku ya kwanza. Isome mara moja, jibu maswali manne, iandike kwa kumbukumbu kwenye ukurasa unaotazamana na ule wa mwanzo, na umwite mzazi au kaka aje asome kurasa zote mbili.