Kumtafutia mwanao sekondari England: anza na tarehe, si jina la shule

Wazazi wanaojiandaa kuhamia England hunipigia simu, na karibu wote huanza na swali moja: "Dada, shule nzuri huko ni ipi?" Nami huwauliza mambo mawili kwanza. Mtoto amezaliwa tarehe gani? Mnafika tarehe gani? Nilifundisha Tanga miaka sita kabla ya kuja huku, na sasa ni mwaka wa tisa nipo ofisi ya mapokezi ya sekondari moja ya serikali. Mzazi mgeni akiingia, mimi ndiye anayenikuta. Nimeona watoto wenye akili nzuri wakipoteza mwaka mzima kwa sababu nyumbani walibishana juu ya jina la shule na tarehe hazikuangaliwa.

Ninayoyaandika hapa ni ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao.

Hatua ya 1: Jua mtoto ataingia darasa gani

Huku darasa linapangwa kwa umri. Chukua umri atakaokuwa nao mwanao tarehe 31 Agosti, kabla mwaka wa shule haujaanza, kisha toa 4. Aliyezaliwa Novemba 2011 alikuwa na miaka 13 tarehe 31 Agosti 2025. Toa 4, unapata 9, kwa hiyo mwaka wa masomo wa 2025/26 ni wa Year 9. Sekondari inaanza Year 7, mitihani mikubwa ya GCSE inafanyika mwisho wa Year 11, na Year 12 na 13 ndizo za A-level au masomo ya ufundi.

Haijalishi kama mtoto aliruka darasa, alirudia, au alikuwa wa kwanza mkoa mzima. Wazazi wengi huniomba arudishwe nyuma mwaka mmoja "azoee Kiingereza". Kuomba inaruhusiwa, lakini ni nadra sana kukubaliwa. Panga mambo yako kwa hesabu ile ya umri.

Hatua ya 2: Panga mwezi wa kufika

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi tunapoumia.

Kwetu mwaka wa shule unaanza Januari. Huku unaanza Septemba na kuisha Julai. Mzazi mwenye huruma husema, "Ngoja amalize mwaka, tusafiri Desemba." Kwa mtoto wa Year 7, 8 au 9, sawa kabisa, atashika njia. Kwa mtoto wa Year 10 au 11, Januari ni mwezi mbaya.

Sababu ni hii. GCSE ni safari ya miaka miwili kwa shule nyingi, na mitihani ni Mei na Juni ya Year 11. Masomo ya hiari, kama historia, jiografia, kompyuta au biashara, wenzake walishayachagua walipokuwa Year 9 au hata kabla. Anayefika Januari ya Year 10 hachagui, anawekwa penye kiti. Mtoto aliyekuwa anapenda biolojia na jiografia anaweza kujikuta kwenye somo asilowahi kulisikia, kwa kuwa jiografia imejaa. Tena shule mbili za mtaa mmoja zinaweza kufuata bodi tofauti za mitihani, AQA hii na Pearson Edexcel ile, na vitabu vya fasihi havifanani. Anayefika Januari ya Year 11 amebakiwa na miezi minne. Nimekaa na mama aliyefika na kijana wake mwezi huo, akiniuliza kwa upole kama hawezi kusubiri mwakani. Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Kwa hiyo, kama mtoto ataingia Year 10, pigania mfike Agosti, hata kama ni kukatisha kidato katikati. Kama angeingia Year 11, kaeni chini kama familia mfikirie kumwacha amalize kidato cha nne kwa ndugu mnayemwamini, kisha aje kujiunge na chuo cha ngazi ya Year 12, akiwa na cheti. Chuo kitataka kujua alama zake zinalingana na nini, na taasisi inayotoa ulinganisho huo ni UK ENIC. Ila angalieni viza: mtoto anayeomba kama mtegemezi kwa kawaida lazima awe hajatimiza miaka 18 siku ya kuomba. Hesabuni kabla ya kumwacha.

Neno moja kwa wanaotaka kumtanguliza mtoto kwa mtu. Shangazi, mjomba, babu, bibi, kaka au dada wa damu hakuna shida. Lakini mtoto aliye chini ya miaka 16 akiishi siku 28 au zaidi kwa mtu asiye ndugu wa karibu kisheria, mathalani binamu wa mama au rafiki wa familia, lazima halmashauri ya eneo hilo ijulishwe. Kwetu mtoto ni wa ukoo mzima. Huku, ukikaa kimya, ofisi ya ustawi wa watoto itakuja kuuliza.

Hatua ya 3: Tafuta nyumba ukiwa na ramani ya shule

Shule za serikali hazina ada, na ndizo watoto wengi mno wa nchi hii wanakosoma. Nalisema kwa mkazo kwa sababu kwetu mzazi anayejiweza hukimbilia shule ya binafsi, na wapo wanaofika huku wakiwa wameshaanza kukopa. Shule za binafsi zipo, ada zake ni kubwa, na tangu 1 Januari 2025 zinatozwa VAT ya asilimia 20 juu yake. Usiingie huko kwa hofu tu. Na ukisikia Waingereza wakitaja "public school", jua ni zile za binafsi za ada kubwa. Jina linapotosha.

Shule ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, hufuata orodha ya vipaumbele iliyochapishwa: watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri hutangulia, kisha mara nyingi wenye ndugu pale shuleni, kisha wanaokaa karibu. Shule za dini zinaweza kutanguliza waumini, na zitataka barua ya paroko au kiongozi wa ibada.

Mimi nilikosea hapa. Tulipanga nyumba kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu, tukalipa miezi sita mbele, ndipo nikaanza kuulizia shule. Zote tatu za karibu zilikuwa zimejaa katika darasa la binti yangu. Alikaa nyumbani wiki saba akitazama wenzake dirishani wakipita na mabegi, kisha akapata shule ya mabasi mawili. Kila asubuhi tulitoka saa kumi na mbili na nusu, giza totoro, na baridi ile ya Februari.

Kwa hiyo, kabla hujasaini mkataba wa nyumba, ingiza postikodi ya nyumba hiyo kwenye tovuti ya halmashauri uone shule zilizo karibu, kisha piga simu shuleni uulize: "Mna nafasi Year 9 kwa sasa?" Sisi tunaopokea simu hizo hujibu. Nafasi hubadilika kila wiki, ila utajua mtaa upi umejaa kabisa. Kama shule ya karibu yenye nafasi iko zaidi ya maili 3, halmashauri inapaswa kugharimia usafiri wa mtoto, ila uombe.

Hatua ya 4: Chuja shule tatu

Soma ripoti ya Ofsted, yaani wakaguzi wa shule, lakini isome yote. Neno moja la jumla, kama "Good" au "Outstanding", lilifutwa kwa shule za serikali Septemba 2024, na ripoti za zamani zenye maneno hayo bado zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kama dhahabu. Mimi huenda moja kwa moja kwenye sehemu ya nidhamu na mahudhurio.

Kisha nenda ukasimame karibu na geti saa tisa na robo alasiri, watoto wanapotoka. Tazama kama walimu wapo nje. Tazama watoto wadogo wanavyopita mbele ya wakubwa. Dakika ishirini zitakuonyesha mambo ambayo ripoti haina.

Ukipata nafasi ya kuongea na shule, uliza: ni nani anawasaidia watoto ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa saa ngapi kwa wiki? Wakikutajia mtu kwa jina na kazi yake, vizuri. Wakikwambia "walimu wote husaidia", uliza tena. Kwa binti wa Kiislamu uliza rangi ya mtandio kwenye sare, chakula cha halali, na chumba cha kuswalia. Haya ni maswali ya kawaida kwetu ofisini, usione haya.

Hatua ya 5: Beba madaftari

Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo kila mtu hukumbuka. Wanachosahau ni madaftari ya hesabu na sayansi ya mwaka wa mwisho.

Kijana mmoja alifika kwetu kutoka kidato cha pili na ripoti iliyoandikwa "nafasi ya 3 kati ya 112". Mama yake aliiweka mezani kwangu kwa mikono miwili. Mwalimu wa hesabu aliitazama, akanirudishia. Huku watoto hawapangwi nafasi hivyo, na haikumwambia chochote. Kijana alikuwa na haya, Kiingereza chake cha kuongea kilikuwa kinakwama, akapangiwa kundi la chini kabisa la hesabu. Nikamuuliza mama kama kuna daftari lolote. Akatoa kwenye begi lenye nguo daftari la kaunta, gamba limechanika, ndani milinganyo ya kipeo cha pili ukurasa baada ya ukurasa, vema nyekundu za mwalimu wake pembeni. Mwalimu alilifungua akiwa amesimama, akavuta kiti akakaa. Jumatatu iliyofuata kijana alikuwa kundi la juu.

Kwa hiyo, kabla hamjaondoka, mwombe kila mwalimu wa somo aandike kwa Kiingereza mada walizomaliza, agonge muhuri wa shule.

Hatua ya 6: Jaza fomu, na usikatae nafasi

Kama mtoto anaanza Year 7 Septemba, maombi hufungwa 31 Oktoba ya mwaka uliotangulia, na majibu hutoka 1 Machi au siku ya kazi inayofuata. Wengi wetu hufika katikati ya mwaka, kwa hiyo tunaomba kupitia halmashauri au shule yenyewe. Watataka uthibitisho wa anwani. Mkataba wa nyumba na barua ya "council tax", yaani kodi inayotozwa na halmashauri, hutosha mara nyingi. Jibu linatakiwa kufika ndani ya siku 15 za shule.

Ukipewa shule usiyoipenda, ikubali, na huku jina la mwanao libaki kwenye orodha ya kusubiri ya ile unayoitaka. Kukataa hakukupandishi kwenye foleni. Kunamwacha mtoto nyumbani. Ukikataliwa, barua lazima ieleze haki ya kukata rufaa, na unapewa angalau siku 20 za shule kuiwasilisha. Ukikosa kabisa, waandikie halmashauri ukitaja Fair Access Protocol, mpango ambao kila halmashauri inalazimika kuwa nao kwa watoto waliokosa shule.

Hatua ya 7: Wiki mbili baadaye

Mwandikie mkuu wa darasa lake barua pepe fupi. Uliza yuko kundi gani la hesabu na Kiingereza na lini litaangaliwa tena. Uliza anakaa na nani wakati wa chakula. Na kama yuko Year 10 au 11, uliza kama ameanza kutumia kamusi ya Kiingereza na Kiswahili darasani. Kamusi isiyo na maelezo ya maneno huweza kuruhusiwa kwenye mitihani mingi ya GCSE, isipokuwa ya lugha, ila sharti iwe ndiyo desturi yake ya kila siku. Ikiletwa Mei kwa mara ya kwanza, atanyimwa.