Kupiga hesabu ya maji juu ya fungu: kwa manahodha wa mashua ndogo Mombasa

Kazi yangu ni kupima kina cha bahari. Swali ninaloulizwa sana na wenye mashua ni hili: "Ramani inasema nusu mita, mbona jana nimepita hapo maji tele?" Chukua kalamu.

Hatua ya 1: Ijue sufuri ya ramani

Tukiwa kazini, mashine ya mwangwi hutupa kina cha wakati uleule. Gatini kuna ubao wa vipimo unaoonyesha maji yamepanda kiasi gani, nasi tunakitoa kiasi hicho. Tukipata mita 5 na maji yamepanda 3, kinachochapwa ni 2. Sufuri yenyewe huwekwa karibu na pale maji yanapopwa chini kabisa. Basi namba ya ramani ni kina cha siku mbaya. Maji ya leo unayaongeza mwenyewe.

Hatua ya 2: Tazama umri wa vipimo

Ramani nzuri hueleza sehemu ipi ilipimwa lini. Usiruke maelezo hayo. Mwamba wa Leven, mlangoni mwa Kilindini, una jina la manowari ya Kapteni Owen, aliyepima pwani hii miaka ya 1820 kwa bildi, yaani kamba yenye risasi nzito nchani. Bildi hugusa pale ilipoangukia tu. Jiwe lililo hatua kumi pembeni hailijui. Kisha tia masahihisho: Ofisi ya Haidrografia ya Uingereza hutoa Matangazo kwa Mabaharia kila wiki, maana maboya huhamishwa na taa huzimika.

Hatua ya 3: Soma jedwali la maji

Liwe la Kilindini, la mwaka huu. Kuna njia ya wazee ya kulihakiki: bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) ya Mombasa hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne. Jedwali likikuambia kinyume, umeshika la bandari nyingine au umekosea saa.

Hatua ya 4: Gawa kwa 12

Maji hayapandi sawasawa. Tofauti ya kupwa na kujaa igawe sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1.

Mfano (namba nimezichagua zigawanyike vizuri): saa nne asubuhi maji ni mita 0.3, saa kumi jioni 3.9. Tofauti ni 3.6, kila sehemu 0.3. Saa tano yatakuwa 0.6, saa sita 1.2, saa saba 2.1, saa nane 3.0. Ona yanavyokimbia katikati. Ndiyo saa ambazo mkondo nao huvuta kwa nguvu.

Hatua ya 5: Jumlisha, lakini angalia mstari

Kina cha ramani 1.2, saa saba: 1.2 + 2.1 = mita 3.3. Unapita.

Ila namba hiyohiyo ikiwa imepigwa mstari chini, maana yake mwamba hutokeza mita 1.2 juu ya sufuri. Hapo unatoa: 2.1 − 1.2 = mita 0.9. Mimi nilipokuwa mwanagenzi niliusahau mstari huo, na rangi ya mkuku wetu ikabaki mwambani.

Toa kiasi ambacho mashua yako inazama, kisha bakiza akiba ya mawimbi. Msimu wa kusi, nje ya mwamba, mimi hubakiza mita nzima. Kuna wanaoniona mwoga.

Hatua ya 6: Vuka maji yakijaa

Ukikwama, yatakuinua. Ukikwama kilele cha bamvua, mashua italala ubavu zaidi ya saa kumi na mbili ukingoja maji yajayo, na huenda yasifike pale.